Hatua ya Sita

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zile zinazokutana nyumba kwa nyumba kuanzia Kangemi hadi Riruta, upo utaratibu wa kuisoma Injili kwa hatua saba. Ulitungwa katika Taasisi ya Lumko huko Afrika Kusini, ukapata makao Afrika Mashariki kwa sababu maaskofu Wakatoliki wa ukanda huo katika umoja wao wa AMECEA, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, walikuwa wameamua kwamba kanisa lijengwe kuanzia kwenye vikundi hivyo vya majirani wachache. Hatua ya kwanza ni kumkaribisha Bwana. Ya pili, kusoma somo. Ya tatu, kila mtu kutaja neno lililomgusa. Ya nne, kimya. Ya tano, kushirikishana yale ambayo kila mmoja ameyasikia moyoni. Ya saba, kuomba pamoja.

Umeona nilichoruka? Nimeruka kile ambacho wengi hukiruka. Hatua ya sita ni kuulizana: sasa sisi, watu hawa tulioketi hapa, tumetumwa kufanya nini? Nani ataifanya kazi hiyo, lini, kwa ajili ya nani? Kwenye karatasi ni mistari michache tu, na ndiyo inayopigwa chenga kuliko zote. Saa imekwenda, chai imeiva, wingu limetanda upande wa Ngong, mama mwenye nyumba ana watoto wa kulaza. Basi mwenyekiti anasema tuombe. Tunaomba, na tunaomba vizuri, halafu tunaagana. Wiki inayofuata tunaanza tena hatua ya kwanza.

Nakuandikia wewe ambaye kundi lako limekwama hapo. Huenda si Mkatoliki, na neno jumuiya kwako lina maana nyingine. Huenda kundi lenu ni la maombi ya saa saba mchana katika ofisi ya katikati ya jiji, watu wanaoacha chakula ili waimbe. Huenda ni ushirika wa vijana wa kanisa moja la Ngong Road, au akina mama wa Kawangware wenye leso za rangi moja, au wanandoa wa Kilimani wanaokutana orofa ya nane, viatu vikiachwa mlangoni. Mnaipenda imani yenu na mnapendana. Na bado kila Januari mnaulizana lile lile: tunaelekea wapi? Nina jibu ambalo halitapendeza kila mtu. Hamkosi maombi. Mnakosa jirani.

Kundi la Nairobi linapotafuta mwelekeo, najua linavyofanya. Linakodi ukumbi Limuru au Naivasha, linamwalika msemaji, linabandika karatasi kubwa ukutani na kuandika maono yake kwa kalamu za rangi. Maneno yanapimwa moja moja mpaka yanakosa ladha. Kisha inakuja ajenda ya fulana. Sijaona jambo linaloweza kumeza vikao vitatu vya Wakristo wenye akili timamu kama rangi ya fulana. Sina ugomvi nazo, hata kabatini mwangu zimo. Lakini maono yakiandikwa na watu waliotazamana wao kwa wao, yatawaeleza wao: watakavyokua, watakavyojulikana, watakavyoongezeka. Mwelekeo hauwezi kuwepo pasipo mahali pa kwenda, na mahali hapo hutapaona ukiwa umeupa mlango mgongo.

Soma Nehemia, sura ya tatu. Wahubiri huikwepa kwa sababu imejaa majina yanayouma ulimi. Mimi naona hakuna sura inayotufaa zaidi. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka, watu hawana ari, na kazi inapoanza tunasoma kwamba huyu alijenga mbele ya nyumba yake, yule akajenga karibu na chumba chake, wengine wakashika lango. Ukuta ulikuwa wa wote. Kipande kilikuwa kile ambacho kila mtu alikiona akifungua mlango asubuhi. Watu wale walikipata kusudi lao mbele ya macho yao.

Jambo kama hilo lilitokea katika Barabara ya Mamlaka, hatua chache kutoka mabweni ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Nairobi Chapel ilianza mwaka 1952, siku za ukoloni, waumini wake wengi wakiwa Wazungu. Uhuru ulikuja, miaka ikapita, watu wakapungua, na kufikia mwaka 1989 waliobaki walikuwa kama 20. Hebu wafikirie watu hao Jumapili asubuhi, sauti zao chache zikipotea katika viti vitupu. Wangeweza kufunga milango. Wangeweza pia kufanya kile ambacho makundi mengi hukifanya, kukaa na kuzisimulia enzi zilizopita. Wao waliomba msaada kwa jirani, Nairobi Baptist Church, na miongoni mwa waliokuja kushika kazi alikuwa kijana Oscar Muriu, ambaye baadaye akawa mchungaji wao. Wakatazama mbele ya nyumba. Palikuwa na nini? Wanafunzi. Vijana waliotoka Kisii, Meru, Kakamega na Taita, mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza, wenye maswali ambayo mahubiri ya kijijini hayakuwahi kuulizwa. Kanisa likawageukia hao.

Yaliyofuata wengi wanayajua. Viti vilijaa, vikafurika, na mwaka 2005 kanisa likajigawa kwa hiari kuwa makanisa matano: Mamlaka Hill Chapel ikabaki palepale, Nairobi Chapel yenyewe ikahamia upande wa Ngong Road, Mavuno na wengine wakaenda kuanza kwao. Wanaopenda hesabu husimulia habari hiyo kama habari ya wingi. Mimi huwawaza zaidi wale 20, maana wao ndio waliokuwa na cha kupoteza. Walikubali kundi lao libadilike sura, sauti na umri ili mtu aliyekuwa akipita nje ya lango lao apate pa kuingilia. Ukitaka kujua kama kundi lenu liko tayari kwa hatua ya sita, jiulizeni mko tayari kupoteza nini. Kama jibu ni kwamba hakuna, basi mrudi tu kwenye fulana.

Sasa shika Waiyaki Way, pita Kangemi, Uthiru na Kinoo, ufike Kikuyu. Hapa nitakawia kidogo.

Juni 1913, katika misheni ya Waskoti pale Thogoto, walikutana wamisionari wa madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti: Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri wa Scotland, Africa Inland Mission, Wamethodisti na wengineo. Walikuwa wamechoka kugombania mipaka na waongofu. Wakaandika mpango wa shirikisho, na mwishoni wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Kipresbiteri, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Habari zilipofika Zanzibar, Askofu Frank Weston aliwaka. Aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na shtaka lenyewe lilikuwa la uzushi. Uingereza yote ikaingia katika mabishano kuhusu kijiji ambacho wengi wasingeweza kukionyesha kwenye ramani, mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoyafunika.

Shirikisho lile halikuzaliwa. Ungedhani mambo yaliishia hapo, kwa sababu ndivyo yanavyoishia kwetu: kikao kimevunjika, kila mtu ameondoka na Biblia yake. Wao mwaka 1918 walikutana tena, wakaunda muungano mwepesi zaidi wa misheni, na safari hii wakajiuliza kazi gani ambayo hakuna misheni moja ingeiweza peke yake. Tarehe 1 Machi 1926 Alliance High School ikafungua milango pale pale Kikuyu. Watu walioshindwa kuafikiana juu ya nani ale mkate kwenye meza ya nani waliafikiana kwamba kijana wa Kiafrika anahitaji shule ya sekondari. Miaka 37 baadaye, Kenya ilipopata uhuru, waliopita katika madarasa yale walikaa kwenye baraza la mawaziri. Na NCCK, baraza la makanisa tunalolijua leo, huhesabu asili yake tangu kikao kile cha 1913 ambacho wengi wangekiita kilichoshindwa.

Kwa hiyo msisubiri mkubaliane juu ya yote. Yupo anayenena kwa lugha na yupo anayeona hilo ni kelele. Yupo anayebatiza watoto na yupo asiyetaka hata kulisikia. Kundi la ofisini la saa saba mchana lina Mpresbiteri, Mkatoliki, Msabato na mama wa Akorino mwenye kilemba cheupe, na kama mtangoja wamalize mjadala wa mafundisho, mtastaafu kabla yao. Tafuteni kazi. Kazi itawakutanisha mahali ambapo mjadala umewatenganisha.

Lakini habari ya Kikuyu ina upande ambao hausimuliwi sana kwenye maadhimisho, nami sitauficha. Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka uliowataka maofisa wa serikali wawahimize Waafrika, kupitia machifu wao, wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Kuhimizwa na chifu aliyehimizwa na ofisa, kila mtu alielewa fimbo ilikuwa wapi. Maaskofu Willis na Heywood, pamoja na Dkt. John Arthur wa Thogoto, wakaandika tamko. Walionyesha hatari za waraka ule, ila wakakubali kwamba kazi ya lazima ingeweza kuruhusiwa ikiwa itakuwa ya serikali na yenye sheria ya kuisimamia. Aliyepinga pasipo masharti alikuwa yule yule mgomvi wa Zanzibar. Mwaka 1920 Weston alichapisha kijitabu, *The Serfs of Great Britain*, akiwashambulia wakubwa wa dola kwa kuwafanya Waafrika watumwa kwa jina jipya.

Tulia hapo kidogo. Waliotafuta umoja walilegea. Aliyeukataa umoja ndiye aliyesimama na kibarua. Ninawapenda watu wa Thogoto, na bado naona haya kwa niaba yao. Wahubiri wetu wanapenda kutuambia kwamba tukiwa kitu kimoja tumeshinda. Kundi linaweza kuwa kitu kimoja, likapiga kura bila hata mmoja kupinga, likampita mtu aliyelala njiani na kuendelea na wimbo. Yule mwanasheria katika Luka 10 hakuulizwa ana wenzake wangapi wanaokubaliana naye. Aliulizwa nani alikuwa jirani.

Na wakati mwingine jirani hasubiri umtafute. Anabisha hodi.

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za kisiasa walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wakiwa na Wangari Maathai kudai wafungwa 52 waachiliwe. Kisha wakapiga kambi kwenye kona ya Uhuru Park na kuanza kufunga chakula. Tarehe 3 Machi polisi wakawashambulia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa mpaka akazimia. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya polisi, na kila Mkenya aliyelelewa na mama anajua uzito wa laana hiyo. Bustani ilipozingirwa, walivuka barabara na kwenda All Saints' Cathedral.

Jengo hilo lilikuwa limekaa hapo tangu jiwe lake la msingi lilipowekwa mwaka 1917. Gavana wa kikoloni na maofisa wake walisali humo. Lina mawe mazito na madirisha ya vioo vya rangi, na kwa muda mrefu lilionekana mahali pa wakubwa. Akina mama wa mashambani, vumbi la bustani bado likiwa kwenye leso zao, waliingia na kufikiri watakaa siku chache. Walikaa takriban mwaka mzima. Walilala humo, wakaimba humo, wakapokea wageni humo, na mapema 1993 wengi wa wana wao walikuwa wametoka gerezani.

Sidhani ipo kamati iliyowahi kuketi na kupanga kwamba mwaka 1992 lengo la kanisa kuu litakuwa kuwahifadhi akina mama wa wafungwa. Mlango uligongwa na ukafunguliwa, na kuanzia siku hiyo watu wa Nairobi walijua jengo lile linafanya kazi gani. Wakubwa pia walijua. Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi wa kutuliza ghasia walivamia kanisa hilohilo na kuwapiga watu ndani yake. Hatua ya sita ina gharama. Anayekuhubiria kusudi lisilo na gharama anakuuzia mshumaa wa siku ya kuzaliwa.

Neno moja la haraka kuhusu fedha, maana makundi mengi hupoteza njia hapo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilikataa mchango ambao Rais William Ruto alikuwa ameutoa katika parokia ya Soweto na kuagiza urudishwe. Wengine walicheka, wengine wakasema kanisa limejitia jeuri huku paa linavuja. Nafikiri walifanya sawa. Anayewanunulia vipaza sauti ndiye atakayewaambia mtangaze nini. Kama kazi yenu haiwezi kuanza mpaka mheshimiwa fulani aje kwenye harambee, mnao mfadhili tayari, ila kusudi bado hamna.

Sasa tufike kwako.

Kuanzia Lavington hadi Kawangware kwa kufuata Gitanga Road ni mwendo wa miguu. Kila alfajiri watu hupanda barabara hiyo: askari wa lango wanaobadilishana zamu, mafundi, akina mama fua wanaokwenda kukaa kando ya barabara za Kileleshwa na Kilimani wakingoja mtu awaite kwa kibarua cha siku. Jioni wanashuka. Yule ambaye hakuitwa anashuka pia, na watoto wake wanamngoja. Kundi lenu limewahi kumuuliza jina? Mnakutana Jumatano usiku kuombea mataifa, na aliyewafungulia lango la maegesho amesimama kwenye baridi mpaka mtakapomaliza kuyaombea.

Usikimbilie unga na kamera. Naomba sana. Papa Fransisko alipofika Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, alizungumzia maji yanayokosekana, nyumba, na ardhi inayonyakuliwa hadi viwanja vya shule. Aliwasifu pia wakazi kwa hekima ya kuishi pamoja, na alikuwa sahihi. Watu wa Kangemi hawakungoja kundi la Kilimani liwafundishe kubebana. Jumuiya zao huzikana, huchangiana bili za hospitali, hukaa na mgonjwa usiku. Wao hatua ya sita wanaijua kwa sababu nyumba zao zimebanana na kilio cha jirani kinapenya ukuta wa mabati. Mnaokaa kwenye kuta nene, nendeni mkajifunze kwanza. Ulizeni, msikie, mrudi tena. Mara ya tatu ndipo mtaambiwa ukweli.

Mtasema ninyi ni wachache. Mmeshasikia habari za watu 20. Mtasema mnangoja mchungaji awabariki. Mwambieni mnakokwenda, naye mwenye busara atawabariki mkiwa mmeshavaa viatu. Mtasema mahitaji ni mengi, na hapo mna haki, ni mengi mno, jiji hili halina mwisho wa mahitaji. Ndiyo maana mnachagua moja. Moja tu, kwa mwaka mzima. Mkichagua matano hamjachagua. Huenda ni watoto wa akina mama fua wa kona moja ya barabara, wapate mahali pa kusomea jioni. Huenda ni walinzi wa mtaa wenu ambao hawajui haki zao za kazi, na mwanasheria mnaye, huketi kiti cha nyuma na kuondoka mapema. Huenda ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaolala wawili kitanda kimoja. Nyingine mkabidhini kundi la pili, na msione wivu.

Jambo hilo likishapatikana utaona mabadiliko madogo ya ajabu. Mweka hazina ataanza kufika kwa wakati. Yule kijana aliyekuwa akiangalia simu wakati wa somo atauliza swali. Na somo lenyewe litasikika tofauti, kwa sababu mnaposoma habari za mjane mtakuwa mnamfikiria mjane mnayemjua kwa jina na nyumba yake. Ugomvi hautakwisha, mtagombana zaidi, lakini sasa mtakuwa mnagombana juu ya nauli za watoto badala ya nani alikaribishwa kuomba kwanza.

Kwa hiyo wiki hii, mkifika hatua ya tano na mwenyekiti akatazama saa, nyoosha mkono. Kama wewe ni mdogo katika kundi, anza na salamu za heshima, waambie wazee uliowakuta kwamba huna nia ya kuwaongoza, kisha uliza hilo swali: tumetumwa kwa nani? Nyamaza uwaache wanyamaze. Chai ikipoa, ipoe. Jina la kwanza likitajwa, liandikwe. Yaandikwe pia majina ya wawili watakaokwenda, siku yao na saa yao. Halafu ombeni.